Mavi ya Kale

Mama yangu alikuwa akisema: mavi ya kale hayanuki.
Hakuwahi kukaa Kadutu,
nyuma ya ukuta huu wa shule,
ambapo kila mvua ya Machi
bonde la taka linateremka hatua moja
na kutubishia mlango.

Humo tumetupa maganda ya ndizi na ya mihogo,
mabua ya lenga-lenga,
sambaza zilizooza wiki ile umeme ulipokatika,
madaftari ya watoto waliofukuzwa kwa ajili ya karo,
na godoro la majani la dada yangu Cibalonza,
mwaka wa kipindupindu,
usiku, watu wanne, bila taa,
bila mtu kutamka jina.

Mimi nauza makala.
Gunia linatoka mbali, msituni, mgongoni mwa mtu,
linafika jepesi kuliko bei yake.
Napima kwa kopo la maziwa,
na kopo nimelibonyeza kidogo chini.
Niseme tu, nimeshachoka kuficha.

Basi Nsimire, mtoto wa jirani, aliyerudi na masomo yake,
alikuja na mabomba matatu yaliyotobolewa tobo tobo,
akayachomeka bondeni
kama anayemdunga mgonjwa sindano.
Watu wakacheka. Bisimwa, fundi wa viatu, akauliza
kama taka imeugua
au imechelewa kuzaa.
Nsimire hakumjibu. Alibandika sikio kwenye bomba.
"Inapumua," akasema.

Ilipumua kweli, na pumzi yake
ilikuwa ya yai viza.
Akaipitisha kwenye bidoni la maji,
kisha kwenye bidoni lililojaa kutu
aliyoikwangua kwenye mabati ya nyumba zilizoungua,
mtaa mzima, kwa mshumaa mmoja.
Kutu ikala uvundo.
Sikujua kutu nayo ina njaa.

Kilichobaki akakitia ndani ya mpira wa tairi la lori.
Ukavimba. Akaufunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto,
akapanda nao ngazi zote za udongo
hadi jikoni kwangu.
Kwangu, mwenye makala!
"Injika maharagwe," akasema.

Nikainjika. Akawasha.
Moto ulikuja bila moshi,
bila kupulizwa, bila kunitoa machozi,
mfupi, wa samawati,
rangi ile ile ya wino wa daftari.
Nikautazama, nikajiuliza
ni nani huyu anayenipikia.
Maganda? Sambaza?
Hesabu za watoto, zile zenye alama nyekundu?
Cibalonza hakupenda maharagwe.
Alikuwa akiyatoa moja moja,
akiyapanga ukingoni mwa sahani.
Nikatamka jina lake mbele ya sufuria,
mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne.
Nsimire akadhani namwita mtu aliye nje.

Mpira ulinywea kabla kengele ya shule haijalia.
Maharagwe yalikuwa bado mawe, yakigonga mwiko.
Nikamalizia kwa makala yangu,
nikakohoa kama kawaida,
naye ameketi, mpira umemlalia mapajani
kama ngozi ya mbuzi,
anaandika: dakika thelathini na nane.

Tulikula jioni, bila maneno mengi.
Alipokuwa anashuka nikamwita ngazini.
Mpira mmoja hautoshi, nikamwambia, lete miwili.
Na ukichimba tena, usichimbe katikati.
Chimba kushoto, karibu na ukuta,
chini ya ule mgomba uliojiotea:
hapo ndipo tulipotupa ya zamani.
Hapo ndipo panaponuka.